Vyungu Viwili vya Nnalongo

Kabla hujamsifu Nakhisa mbele yangu, nikuambie kwanza: yule dada ni msumbufu. Mimi Kasereka ni seremala, nimetoka Butembo na randa yangu, nimewatengenezea makabati wenye maduka, wachungaji na mganga mmoja wa meno. Hakuna aliyenichosha kama yeye. Utamaliza kabati la kioo, umelipiga msasa hadi linateleza, atakuja apige magoti mbele yake, aangalie kwa kimo cha mtoto wa shule, halafu aseme, "Fundi, kivuli kinaangukia maelezo. Tulisogeze." Tulisogeze, anasema, kana kwamba naye atashika upande wa pili.

Kazi yake ni kupanga maonyesho katika jumba dogo la makumbusho huko Wandegeya, nyuma ya maduka ya kuchapisha. Alikuja Kampala kutoka Bungoma kusoma, akapata nyumba Bukoto, akabaki. Kwa miaka mingi aliwaandikia wakubwa vibao vya maelezo tu, vyumba wakapanga wao. Safari hii mkurugenzi, Bwana Okidi, alimpa chumba kizima, cha vitu vilivyofukuliwa Kawempe. Kikipendeza, vinavyofuata vyote ni vyake. Kikiharibika, anarudi kwenye vibao. Okidi alilisema hilo mbele yangu, na Nakhisa akaacha kula mchana tangu siku hiyo.

Yeye ana msimamo mmoja: katikati ya chumba kiwepo kitu kimoja, kipewe taa, watu wakifuate. Viwili, anasema, vinapigiana kelele. Kitu chenyewe kilikuwa chungu cha kale, cheusi, shingo imechorwa mistari. Kilitoka nyuma ya nyumba ya Nnalongo Bushira, muuza mkaa wa Kawempe, alipochimbisha shimo la choo. Nnalongo ndivyo Waganda wanavyomwita mama aliyezaa pacha. Vyungu vilikuwa viwili, vimelazwa ardhini mdomo kwa mdomo. Kimoja kilitoka kizima, cha pili jembe lilikipiga. Mama akaviazimisha makumbusho kwa neno la mdomo tu: "Siku nikikosa raha, navichukua."

Asubuhi ya ufunguzi nilikuwa nakusanya vifaa vyangu. Chungu kizima kimekaa juu ya pete ya mbao niliyoichonga kwa kipimo chake, taa inakimulika, kioo kimefungwa kwa skrubu. Nilikuwa na furaha, sitaki kudanganya. Mgeni rasmi alitarajiwa kabla ya adhuhuri. Nnalongo akatangulia, amevaa gauni la gomesi la kijani na mtandio begani. Alisimama mbele ya kabati, akazunguka nyuma yake, akarudi.

"Mwingine yuko wapi?"

"Karibu sana, mama," Nakhisa alisema kwa tabasamu. "Kile kina nyufa. Tumekigundisha, kiko salama stoo. Hapa tumechagua kizuri."

"Umechagua."

Mama hakupandisha sauti. Alivua mtandio, akautandika sakafuni mbele ya kabati, akaukunjua pembe zote kama mtu anayetaka kufunga mzigo. "Fungueni. Naenda nao wote."

Okidi alikuja mbio kutoka ofisini. Akabembeleza, akataja mgeni rasmi, akataja heshima ya Kawempe. Mama alikuwa kama anasikiliza redio ya jirani. Mwishowe Okidi alimgeukia Nakhisa, akasema taratibu, "Chumba ni chako. Kimalize wewe." Akatoka kwenda getini. Nilimchukia siku ile, na mpaka leo sijamsamehe vizuri.

Bila vyungu vile chumba kizima kilikuwa kinaelekea kwenye kabati tupu. "Mama," Nakhisa alisema, "nimekukosea wapi?"

"Mimi nilizaa Wasswa na Kato. Kato aliruka kabla hajaanza kutembea." Waganda hawasemi pacha amekufa, wanasema ameruka. "Wasswa sasa ana ndevu. Nikimnunulia shati, na la Kato naweka. Watu wananiambia, mama, huyo si amekwenda? Sasa na wewe. Mmoja umemweka kwenye taa, mwingine umemfungia gizani kwa sababu ameumia."

Nakhisa aligeuka polepole kuutazama ukuta uliokuwa nyuma yake, na mimi nikautazama. Pale, kwa herufi kubwa alizozipanga mwenyewe, palikuwa na maneno aliyoyachukua kinywani mwa mama huyu huyu: pacha hupewa sawa, ukimpa mmoja, mpe na mwenzake. Alibishana na mchapishaji siku nzima kuhusu rangi ya herufi zile. Nilimwonea huruma.

"Fundi," akasema, "fungua kioo."

"Pete ni moja, dada. Na taa ni moja."

"Ng'oa pete. Zima taa."

Taa ile niliifunga nikiwa nimelala kifudifudi juu ya dari, vumbi machoni. Nilitaka kuirusha bisibisi dirishani. Nikafungua skrubu huku nanung'unika kwa Kinande, lugha ya kwetu ambayo wote wawili hawaijui.

Chungu kilichogundishwa kilikuwa stoo, kimesimamishwa ndani ya beseni la mchanga ili gundi ishike bila kuyumba. Nakhisa alikuja nalo kifuani, hatua ndogo ndogo, mama akimfuata nyuma. Tulihamishia mchanga kabatini, nikausawazisha kwa ubao. Akakizamisha kidogo kile chungu kizima upande mmoja. Kisha akaingiza mikono yote miwili chini ya kile cha nyufa, akakiinua. Getini gari lilipiga honi.

Kikatoa mlio mdogo, na kipande cha ukingo kikadondoka mchangani.

Angeweza kukifukia kwa kidole, mama alikuwa upande wa pili. Badala yake alisema, "Mama, nimemtoa kipande. Samahani."

Nnalongo alizunguka, akakiangalia. "Kiache hapo karibu naye," alisema. "Ni chake."

Nilikuwa nakaza skrubu ya mwisho mgeni rasmi alipoingia na Okidi na watu wake. Mtandio ulikuwa bado sakafuni, ikabidi wauzunguke. Mgeni alitazama kabati lisilo na taa, mwanga wa dirisha tu, akakunja uso.

"Hiki kizima ni kizuri sana," alisema. "Kingetosha chenyewe. Hiki kibovu cha nini?"

Okidi alimkodolea Nakhisa macho, na kila mtu alijua anataka ajibu nini. Ni maneno ya Nakhisa mwenyewe ya kila siku, yalikuwa yanamngoja mdomoni.

"Hakitoshi, mheshimiwa," Nakhisa alisema. "Ukiangalia mmoja, angalia na mwenzake. Au uache wote."

Okidi akafumba macho. Nnalongo Bushira alisogea hadi kwenye kioo, akaweka kiganja juu yake.

"Mimi ndiye mama yao," alimwambia mgeni. "Huyu ni Wasswa. Huyu aliyeumia ni Kato."

Mgeni rasmi akavua miwani, akainama, akamtazama Kato kwa muda mrefu. Ndipo mama alipookota mtandio wake sakafuni, akaukung'uta vumbi, akajitupia begani.