Mwili wa Kupandia Mghange

Mara ya kwanza nilipopanda Mghange kwa miguu ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza sekondari. Begi langu lilikuwa mfuko wa turubai ambao baba alibebea vyombo vyake vya kazi relini. Mama aliushonea kamba mbili za katani ili niuvae mgongoni. Kamba zilinikata mabega njia nzima, lakini sikujali. Nilikuwa sijawahi kuona ukungu ukiingia ndani ya shamba la mahindi mchana, wala kusikia maji yakipita nyuma ya jiko la mtu na kuteremka mferejini hadi kwa jirani. Mimi ni mtoto wa Voi. Nilizaliwa kwenye nyumba za reli, kwa wazazi waliotoka magharibi wakifuata kazi, na nilichokijua ni joto, vumbi jekundu, na ile milima ya Taita ambayo tuliitazama kila siku bila mtu wa nyumbani kwetu kuwahi kuikanyaga.

Aliyenipeleka ni rafiki yangu tuliyesoma naye darasa moja. Kwao ni Mghange, juu katika milima hiyo. Tulishuka gari Bura, tukaiacha barabara, tukashika njia ya miguu inayopanda katikati ya migomba na mawe. Alikuwa mwembamba, mwepesi, na kila nilipomuuliza kama tumekaribia alinijibu, "Bado kidogo tu," bila kugeuka. Nilikuja kujua kwamba Mdawida, yaani Mtaita, akikwambia bado kidogo, kaa chini kwanza upumzike.

Mama yake alitupokea mlangoni. Nilimwita Mao, yaani mama kwa lugha yao, kama rafiki yangu alivyomwita, na akafurahi kana kwamba nimemletea zawadi. Alitupa kimanga, mihogo iliyopondwa pamoja na maharagwe, moto bado, tukala kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi. Kesho yake tulipanda hadi kilele cha Vuria. Kutoka kule juu rafiki yangu alininyooshea kidole: tambarare yote, mashamba ya mkonge yenye mistari, na mbali kabisa, mahali palipong'aa kidogo, Voi. Nilitafuta paa la nyumba yetu kwa macho, kama mjinga.

Basi ikawa desturi yetu. Miaka mingi tulipanda, kazi na uzazi vikituruhusu. Tulipokuwa na watoto wadogo tuliwaachia mama zetu, tukaondoka tukiwa na unga, sufuria moja, na blanketi. Baadaye tukapata hema kwenye mitumba, la rangi ya machungwa, lililotobolewa na panya pembeni. Nililitia kiraka kwa cherehani yangu, na lilitulaza sehemu nyingi: karibu na msitu, kwenye uwanja wa kanisa, na mara moja kwenye shamba dogo la viazi la mzee ambaye asubuhi alituletea maziwa na kutuuliza kama waume zetu wametufukuza.

Kazi yangu ni ushonaji. Nina duka dogo mjini, na mtu akishona anakaa. Nilikaa nikishona sare za shule, nikashona magauni ya harusi, nikashona nguo za kwaya za makanisa yote ya Voi. Chai ililetwa nilipo, mandazi yakaletwa nilipo. Nguo zangu mwenyewe nilizifungua mishono kidogo kidogo, huku sentimita, kule sentimita, mpaka siku moja nikaona hakuna tena kitambaa cha kuachia. Hilo halikunisumbua sana. Mama, ambaye baada ya baba kufariki alihamia kwangu, alikuwa akinitazama nikipita uani na kusema kwa fahari, "Huyu sasa ni mama wa watu."

Kilichonisumbua ni Mghange. Mwaka mmoja tulishuka Bura kama kawaida, tukaanza kupanda. Hatujafika hata kwenye migomba ya kwanza, magoti yangu yakaanza kulalamika. Moyo ulinipiga hadi masikioni. Nilikaa juu ya jiwe, nikainuka, nikakaa tena. Rafiki yangu alirudi chini hadi nilipo. Alinivua begi, akalivaa kifuani, lake likiwa mgongoni, akaanza kupanda akiwa amebanwa mbele na nyuma. Nilimfuata mikono mitupu. Nilimwona kisogo kikilowa jasho, na mvi zake ambazo sikuwa nimeziona vizuri. Yeye naye alikuwa mtu wa zaidi ya miaka hamsini.

"Turudi," nilimwambia.

"Bado kidogo tu."

"Turudi, dada. Siwezi."

Tulirudi. Tukiwa kituoni tukingoja gari la kwenda Voi, alinipa maji, akasema kwa upole kabisa, "Mwakani tutafute mahali pa tambarare. Twende hata Taveta, tukatembee ziwani." Alikuwa ananionea huruma. Nilikunywa maji yale nikageuza uso nisionekane nikilia. Mao alikuwa ameshafariki wakati huo, na njia ile ya juu ndiyo iliyobaki kati yetu na ujana wetu. Sasa na yenyewe tulikuwa tunaizungumzia kama shamba lililouzwa.

Juma lile lile nikaanza kutembea. Nilitembea barabara ya kwenda Mraru, asubuhi, lakini si mapema mno, kwa sababu ndovu wa upande wa Ndara huvuka alfajiri na hawampishi mtu. Nilisubiri jua lichomoze, nikafunga leso kiunoni, nikaenda. Siku za kwanza niliishia kwenye mti wa mgunga wa kwanza tu. Waendesha boda walipunguza mwendo wakaniuliza, "Mathe, tukubebe?" Nikawakatalia. Baada ya muda wakaacha kuuliza, wakawa wananipungia mkono tu. Nyumbani niliacha sukari kwenye chai. Niliacha mandazi. Chapati niliziaga kwa uchungu, maana hakuna anayepika chapati kama mama yangu.

Uzito ulishuka polepole, halafu ukashuka kwa namna ambayo watu waliona. Nikaanza kupunguza nguo zangu upya, nikirudisha ndani mishono niliyokuwa nimeifungua, na mashimo ya sindano za zamani yakibaki yanaonekana kwenye kitambaa. Shingo ilitokeza, mashavu yakaingia. Nilikuwa najisikia vizuri kuliko nilivyojisikia kwa miaka mingi. Mjini hawakuliona hivyo.

Jumamosi moja, akina mama watatu wa kanisa walikuja nyumbani. Walileta unga, mafuta ya kupikia na matunda. Waliimba, wakaomba, sala ndefu iliyozunguka jambo fulani bila kulitaja. Walipomaliza, mkubwa wao alinishika mkono.

"Dada yetu," alisema, "siku hizi dawa zipo. Mtu anameza na anaishi. Usijifiche."

Nilichukua muda kuelewa. Nilipoelewa, nikataka kucheka na kukasirika kwa pamoja.

"Mimi si mgonjwa, mama. Ninapungua makusudi. Nataka kupanda Mghange na begi mgongoni."

Walitazamana. "Huko Mghange una shamba?" mmoja akauliza.

"Sina."

"Una wagonjwa huko?"

"Hapana. Nataka kutembea tu."

Walitikisa vichwa kwa heshima, kama watu wanaoambiwa uongo na mtu wanayempenda, wakaacha unga wao mezani wakaenda.

Mama alikuwa amekaa pembeni muda wote. Jioni ile alipika ugali, samaki, na chapati pia, chakula cha sikukuu. Akanipakulia mlima. Nikachukua kidogo, nikarudisha sahani. Alinitazama, kisha akaweka mkono mdomoni na kuanza kulia. Mama yangu si mtu wa kulia. Hata kwenye mazishi ya baba alikuwa akielekeza watu pa kukaa.

"Mama, ni nini?"

"Kabla yako kulikuwa na mtoto," alisema.

Nilikuwa na miaka hamsini na ushee, na sikuwahi kulisikia jambo hilo.

Alinieleza kwamba walipofika Voi walikuja na mtoto wa kiume, ameanza kutambaa. Joto lilimkataa. Akaanza kuharisha, akapona, akaharisha tena. "Kila asubuhi nilikuwa namshika mkono hapa," akasema, akinishika kifundo cha mkono wangu kwa vidole viwili, "naona vidole vyangu vinazidi kukaribiana. Nilikuwa sina mtu wa kumuuliza. Lugha ya hapa sikuijua. Baba yako alikuwa njiani na garimoshi. Aliisha hivyo, kidogo kidogo, mikononi mwangu. Wewe ulipozaliwa niliapa kwamba wewe utakula." Akaniachia mkono. "Sasa nikiona shingo yako namwona yeye."

Hatukula tena jioni hiyo. Nilikaa karibu naye, nikamuuliza kaka yangu aliitwa nani na alikuwa na sura gani, naye akanitajia jina lake, akanieleza: masikio makubwa, kicheko cha kwikwi, alipenda kushika hereni zake. Alimzungumzia kwa furaha, kama mtu aliyeruhusiwa kufungua chumba cha nyumba yake mwenyewe. Nilifikiria sahani zote alizonijazia tangu utotoni, na jinsi alivyosimama karibu na meza hadi nimalize.

Siku chache baadaye nilimwita uani. Nililitoa begi langu, nikalijaza mahindi, nikalivaa.

"Kaa hapo kwenye kiti, mama, unitazame."

Nilizunguka ua mara kadhaa. Nilizunguka tangi la maji, nikapita chini ya kamba ya nguo, nikarudi mbele yake. Sikuwa nahema. Alinikazia macho.

"Ongeza," akasema.

Nikaongeza mahindi. Nikazunguka tena.

"Hebu panda ile ngazi ya jikoni." Nikapanda, nikashuka, nikapanda. Akaanza kutabasamu, akijizuia. "Huyo mtoto wangu hakuweza kuinua hata kijiko," akasema mwishowe, kama anayejiambia mwenyewe. Halafu akainuka akishika mgongo. "Haya. Kama ni kupungua, utapungua kwa chakula changu. Hizo chai zako kavu sizitaki humu ndani."

Tangu siku hiyo akashika jiko. Alinipikia mrenda na mito, mboga za kwao ambazo alikuwa akiziotesha nyuma ya choo kwa maji ya kufulia. Ugali alinipa wa wimbi, kiasi cha ngumi, na kuuangalia ule ukubwa kwa makini kabla ya kuuweka kwenye sahani. Samaki badala ya kukaangwa alichemshwa. Wale akina mama wa kanisa walipomuuliza hali yangu, aliwajibu, "Mtoto wangu anapanda milima," kwa sauti iliyomaliza mazungumzo. Na magoti yangu, ambayo nilidhani yameharibika moja kwa moja, yakanyamaza.

Ilipofika Agosti, wakati wa baridi, nilimpigia rafiki yangu simu. Nikamwambia Taveta ingoje, tushuke Bura.

"Una uhakika?"

"Njoo tu."

Aliponiona kituoni alinizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe, akacheka kwa ule mtindo wake wa kuinamisha kichwa. Tukaanza kupanda. Njia imebadilika. Kuna mahali pikipiki zimeichimba ikawa mtaro, na kwenye mawe tuliyokuwa tukipumzikia zamani kuna nyumba ya matofali yenye dishi la televisheni. Mfereji mmoja umekauka na kuota nyasi. Lakini harufu ilikuwa ile ile, ya majani mabichi, moshi na udongo wenye maji, na ilinijia ghafla kwenye kona moja hata nikasimama.

"Umechoka?" akauliza.

"Hapana. Ni hapa tulipomkuta Mao akiteremka na mzigo wa ndizi."

"Ni hapa," akasema. "Alitugombeza kwa sababu tulikuja bila sweta."

Tulisimama hapo, kila mmoja na begi lake mgongoni. Kisha tukaendelea, polepole, yeye mbele mimi nyuma, na safari hii nilikuwa nikizisikia hatua zangu mwenyewe badala ya moyo.

Kwao tulipokelewa na mke wa kaka yake, ambaye alitupa viazi vitamu na chai ya maziwa, akatuonyesha chumba. Rafiki yangu akamwambia tutalala nje, kwenye hema, pale mama yake alipokuwa akianika mahindi. Wifi yake akatushangaa, akatuletea blanketi la ziada. Mvua ndogo ilipita. Tulizungumza habari za watu waliokwisha kwenda: Mao, baba yangu, mwalimu wetu wa jiografia aliyetupeleka kwenye mto uliokauka ili tujifunze mito. Nikamweleza pia habari za kaka yangu. Aliniuliza aliitwa nani, nikamwambia, na akalirudia jina lake taratibu mara mbili, alijue.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba hatukuona mlango wa nyumba. Tulikunja hema likiwa bado na maji, tukanywa uji, tukaaga. Kupanda Vuria tulichukua muda mrefu kuliko zamani, na mimi ndiye niliyeomba kupumzika mara nyingi zaidi. Kileleni hatukuona kitu, weupe mtupu pande zote. Rafiki yangu aliketi juu ya begi lake, akavua viatu, akanyoosha vidole vya miguu.

"Tungoje ukungu ufunguke," akasema.

Tukangoja, tukila viazi baridi.