Kiitikio cha Kumrudisha Fundi

Mume wangu ni fundi wa kutengeneza cherehani, na Jumapili hupiga gitaa katika bendi ninayoimba. Kwenye cherehani akili yake haibanduki. Kwenye gitaa, hapo sasa. Zamu yake ya kupiga peke yake ikifika, macho yako wazi ila mwenyewe hayupo. Bendi nzima wanamwita Bwana Sipo.

Nilimuuliza huwa anakwenda wapi. Akasema anatembea katika nyumba aliyokulia, ile iliyobomolewa kupisha barabara. Anaanzia uani, anapita jikoni, na vidole vinamfuata.

"Si utulie upige kama watu," nikamwambia.

Jumapili ile akatulia kweli. Hakukosea hata kidogo, na ukumbi mzima ukaendelea kupiga soga. Kiongozi wa bendi alinitazama kama mchawi wake.

Basi tukamwacha awe anakwenda. Kazi ya kumrudisha ikawa yangu: naimba kiitikio, anashtuka, tunamaliza wimbo.

Jumapili iliyopita alikwenda mbali. Gitaa lilitoa mambo nisiyowahi kuyasikia, watu wakanyamaza. Nilipofungua kinywa tu, kiongozi akazima kipaza sauti changu.

"Mwache," akaninong'oneza. "Usituharibie."

Kiongozi yule ni sikio la kufa, halisikii dawa. Vidole vya mume wangu vilikuwa vinapunguza mwendo, kama mtu anayevua viatu mlangoni. Niliogopa, sifichi. Nikamwendea hadi sikioni, nikaimba kwa sauti yote niliyojaliwa. Akapepesa macho.

Nyumbani nikamuuliza alifika wapi.

"Chumbani kwa mama. Alikuwa anatandika kitanda."

Mama mkwe tulimzika zamani.

"Akasemaje?"

"Kanikaribisha. Nikamwambia naitwa, nitarudi."

Nikalifungia gitaa kabatini, ufunguo nikauficha. Hakubisha, yeye anayebishana hata na redio. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Leo asubuhi nimemkuta kwenye meza yake ya kazi, mbele yake cherehani ya mteja imefunguliwa. Bisibisi imetulia mkono wa kulia. Vidole vya kushoto vinacheza juu ya ubao mtupu, polepole. Nikaimba kiitikio. Nikaimba tena, nimemshika bega, na bega lilikuwa la baridi.

"Nakusikia, mke wangu," akasema bila kugeuka. "Ngoja kidogo. Mama anamalizia kutandika upande wako."