Mkeka Mwembamba wa Harusi

Kwanza niseme kwamba majina yote ninayo kichwani. La shangazi mwenye duka, la shoga yangu mshonaji, la bwana harusi mpaka kwa babu wa babu yake, hata la mbuzi aliyekula ukindu wetu uliokuwa umeanikwa. Siyaandiki kwa sababu wote wako hai, wana simu, na mmoja wao ana mdomo kunishinda mimi. Simsemi mbuzi.

Mjukuu wangu wa kwanza wa kike alipochumbiwa, kitu kimoja tu nilikitaka katika harusi ile. Mahari waliyazungumza wazee. Chakula walikuwepo wapishi. Nguo alijichagulia mwenyewe huko Ukunda. Mimi nilitaka akalie mkeka wetu. Nyumba yetu hapa Msambweni ina desturi: msichana akishachumbiwa, kila mwanamke wa jamaa na wa jirani husuka ukili wake mmoja, ule mkanda mrefu wa ukindu, majani ya mkindu, upana wake kama wa kiganja. Huusuka popote alipo, barazani, matangani, hata akienda kumtazama mgonjwa vidole vinakwenda na umbea unakwenda. Kisha kili zote hukusanywa zikashonwa ubavu kwa ubavu, zikatiwa taraza pembezoni zisifumuke, na juu ya mkeka huo ndipo bibi harusi anapokaa siku bwana harusi anapoingia chumbani kumpa mkono na kukaa naye. Mama yangu aliukalia wa kwake, mimi wa kwangu, binti yangu wa kwake. Na ukiukalia unawasoma watu: huu ukili wa kombo ni wa fulani, alikuwa na haraka zake, huu uliokazwa kama roho ya mwenyewe ni wa fulani.

Nikamweleza mjukuu wangu, akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Bibi, mikeka ishapatikana."

"Imepatikana wapi?"

"Shangazi wa mchumba wangu ataleta. Ya plastiki, mizuri, rangi zake zinakwenda na mapambo. Kwenye picha itapendeza."

Mjukuu wangu anafanya kazi katika hoteli huko Diani, na kwake yeye jambo lisilopigwa picha ni kama halikutokea.

"Na wangu je?"

"Wako ulalie mwenyewe, mke mwenzangu."

Sisi bibi na mjukuu ni watani. Tangu ajue kusema tunagombania mume mmoja, yaani babu yake, na babu yake alipofariki alikuja akanikumbatia, akalia, halafu akaniambia sasa tumekuwa wajane wawili. Kwa hiyo nami nilimjibu, "Sawa. Lakini huyu mpya pia ni wetu sote, na mke mkubwa ni mimi. Nitajua pa kumkalisha."

Huyo shangazi wa bwana harusi ana duka Ukunda, la vitu vya ng'ambo vitupu: mabeseni, chupa za chai, maua yasiyonyauka, na saa za ukutani ambazo kila moja ina magharibi yake. Alikuja kwa tuktuk, mikeka imekunjwa na kutokeza huku na huku kama masikio ya punda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umetuletea mabomba?"

"Mikeka, bibi! Hebu ushike. Huu hauingii maji, mchwa hauli, haupauki. Ukichafuka waupangusa kwa kitambaa, basi."

Nikaushika. Sitasema uongo, ulikuwa mzuri. Una maua mekundu kando na tausi katikati, mkia ameutandaza wote. Nikaunusa.

"Mbona wanuka kama jiko la mafuta ya taa?"

"Hiyo ni harufu ya upya, bibi. Na bei yake! Kwa bei ya mkeka mmoja wa mkono utajaza nyumba nzima hii, na bakuli nikuongeze."

Hapo alinipata, maana ni kweli. Mkeka wa mkono unakula miezi ya mtu. Mjukuu wangu naye akaona hapo hapo pa kunimalizia: "Bibi, na hizo ndala ulizovaa zilisukwa na nani?"

Nikatazama miguu yangu. Ndala za plastiki. Na tochi iliyokuwa mapajani mwangu ilitoka duka lile lile la Ukunda.

"Ndala hazikaliwi," nikasema.

Wakacheka, nami nikacheka. Simdharau mwenye duka. Ndoo ya plastiki, Mungu amweke pema aliyeibuni, maana mtungi wa udongo ulimkata mamangu shingo, na mimi sitamtamania mtu maisha yale. Lakini maji ni maji na harusi ni harusi. Sikuona kwa nini mtoto wetu akalie tausi asiyejuana naye.

Basi nikamwendea shoga yangu. Ndiye pekee mtaani kwetu ambaye bado akishika shazia, ile sindano nene ya mikeka, anashona uzi usiuone ulipopita. Tukaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kuomba kili. Zamani hukuomba, uliletewa, na ukichelewesha wako ulisemwa. Safari hii mmoja alituambia, "Mamangu, wakati sina, nitamnunulia zawadi." Mwingine alikubali kwa bashasha, tukamrudia baadaye tukakuta amesuka kipande cha kufungia kuku, kilichobaki kimemezwa na televisheni. Wa tatu niliyemwomba ukili aliniletea beseni. Beseni! Nikamshukuru, nikalipokea, ndilo ninaloogeshea miguu. Na ukindu niliouanika ili nijaze mapengo mwenyewe, yule mbuzi akaufikia kabla yangu.

Kili zilizopatikana shoga yangu alizipanga sakafuni, akakaa kitako kuzitazama.

"Huu si mkeka," akasema. "Huu mswala."

"Shona."

"Watatosha vipi watu wawili hapa?"

"Watajibana."

Akaniangalia. Nikamwangalia. Akaanza kucheka mpaka akajichoma kidole na shazia. "Ewe kikongwe," akasema huku akikinyonya, "wewe huzeeki tabia."

Siku ya harusi wanaume walikwenda msikitini kwa akdi ya ndoa, na sisi wanawake tukajaa chumbani kwa bibi harusi. Mikeka ya plastiki ilitandikwa uani kwa wageni, na ule wa tausi, uliokuwa bora kuliko yote, ukawekwa chumbani. Wangu nilikuja nao kwapani umekunjwa, nikausimamisha nyuma ya mlango.

"Bibi," sauti ikatoka ndani ya mtandio, "usithubutu kuukunjua huo."

"Bibi harusi hasemi," nikamwambia. "Inamisha macho."

Ukafika wakati wa kumfukiza. Kwetu bibi harusi hatoki mikononi mwetu bila udi. Huwekwa chetezo chini, yeye akasimama juu yake amefungua miguu kidogo, akazungushiwa shuka ili moshi umwingie kwenye nguo na mwilini. Chetezo changu ni cha udongo, cheusi kwa uzee, na kina mguu mrefu. Lakini shangazi alikuwa ameleta kipya kutoka dukani, cha rangi ya dhahabu, chembamba, kinang'aa kama jino la tajiri. Tulikisifu sote. Mimi pia nilikisifu, nikamwambia akinipatia kimoja sitakataa. Kikatiwa makaa, kikatiwa udi, kikakaa mgongoni mwa tausi, mjukuu wangu akasimama juu yake, shuka ikazungushwa, vigelegele vikapigwa.

Udi ukapanda, mzuri. Halafu kukapanda kitu kingine.

"Mbona udi huu una ukali?" akauliza shangazi.

"Labda wa ng'ambo," akasema shoga yangu.

Mjukuu wangu akaruka kutoka kwenye shuka kama kuku aliyemwagiwa maji. Hakuungua, alhamdulillahi, ila pua zetu ziliungua. Kile chetezo hakikuwa na mguu wa maana. Joto la makaa lilipita moja kwa moja chini, nacho kikazama polepole katika tausi. Kichwa hana, nusu ya mkia imejikunja. Shangazi akakinyakua kwa kitambaa akitoe nje, mkeka mzima ukainuka nacho, umeking'ang'ania kama mtoto asiyetaka kuachwa na mamake. Akatoka mlangoni na chetezo, na tausi akimfuata kwa nyuma. Wallahi nilikaa chini. Shoga yangu alikuwa ameshajifunika uso kwa leso, mabega yanatikisika.

Chumbani pakabaki saruji tupu na doa jeusi katikati. Na hapo hapo tukasikia vifijo njiani. Wanaume wanatoka msikitini, wanakuja.

Mikeka ya uani ilikuwa imeshakaliwa na wageni, tena baadhi yao wana sahani za pilau mkononi. Mjukuu wangu akatazama sakafu, akatazama mlango, akanitazama mimi.

"Bibi."

"Naam."

"Usinifanyie hivyo."

"Nimefanya nini? Si nimeambiwa nisithubutu?"

Vifijo vikakaribia. "Tafadhali," akasema, kisha taratibu, "mke mkubwa."

Miaka yote ile ya utani hakuwahi kunipa cheo hicho. Nikaukunjua. Ukalala sawasawa juu ya lile doa, ukalifunika lote, na chumba kikaanza kunukia ukindu mpya badala ya yale mafuta ya taa. Shangazi akarudi akiwa na masizi shavuni, akautazama.

"Mbona mwembamba?"

"Ndiyo fasheni," akasema shoga yangu.

Bwana harusi akafika mlangoni, nami nikajiegemeza kwenye kizingiti, maana kumzuia mlangoni ni haki ya bibi na hapiti bila kunipa kifungua mlango. Ndugu zake wakanitolea bahasha. Nikaikataa. Wakadhani nataka mbili.

"Sitaki bahasha. Nataka aape atakaa juu ya mkeka. Asikae kitini, asikae sakafuni. Juu ya mkeka, yeye mzima."

"Hilo tu, bibi?" akasema yule kijana.

"Hilo tu, mume wangu."

Akaapa, akaingia, ndipo akauona. Naye si kijana mdogo, ana mabega ya mchukuzi wa magunia. Akakaa, upande wake mmoja ukawa umebaki kwenye saruji. Nikakohoa. Akasogea. Nikakohoa tena. Akasogea mpaka bega likalalia bega, goti likapanda goti, na huko ndani ya mtandio nikasikia, "Bibi, nitakukomesha." Lakini alikuwa akicheka, na mume akicheka, na chumba kizima kikaripuka kwa vigelegele. Mpiga picha akapiga hapo. Mapambo hayaonekani hata kidogo, ni watu wawili tu wamebanana wanacheka. Ndiyo picha aliyoiweka kwenye simu yake mpaka leo.

Wakahamia nyumba ya kupanga Ukunda, mkeka wakauchukua. Kisha majuzi mjukuu wangu akanipigia simu.

"Shikamoo, bibi. Mkeka ule waweza kuongezwa?"

"Marahaba. Wa tausi hauongezeki. Wetu waongezeka: wafumua taraza, washonea ukili mwingine, warudisha taraza. Kwani mwalala wangapi humo?"

Kicheko kidogo.

"Wawili, bibi. Kwa sasa."

Nilimwita shoga yangu kwa sauti iliyomkimbiza mbuzi. Halafu nikatoa sharti: ukili wa kuongeza atausuka mwenyewe, hapa kwangu, siku yake ya mapumziko. Akaja. Na shangazi akaja naye, eti anamsindikiza tu, akakaa pembeni na simu yake. Mjukuu wangu akahangaika na ukindu, akafumua, akakosea, akaulaani. Shangazi akawa anachungulia, anachungulia, mwisho akaweka simu chini na kusema, "Lete hapa." Vidole vyake vikaanza kwenda, hata havitazami.

"Nani alikufundisha, mwanangu?"

"Mamangu, bibi. Lakini usimwambie mtu. Nina duka."

Akamwonyesha mwanzo tu, kisha akamrudishia amalize. Ukili wa mjukuu wangu umetoka kombo, hapa mpana, hapa umesinyaa. Shoga yangu alitaka ufumuliwe usukwe upya kabla hajautia shazia. Nikamkataza. Huyo anayekuja, siku akikua akaulizia huu ukili wa kombo ni wa nani, nataka pawe na jibu. Yeye nitamtajia jina.