Mshumaa wa Baba wa Riwayani

Milojka Bevk alishona viatu kiwandani miaka thelathini na sita, akastaafu na mgongo mbovu, mume marehemu na mtoto mmoja. Asiye na mwana aeleke jiwe, wanasema, na nakwambia kuna siku Milojka alilitamani hilo jiwe. Jiwe ukilieleka linanyamaza. Mwanawe Gorazd alikuwa mwandishi wa riwaya.

Kuwa mwandishi Slovenia si ajabu. Nchi yenyewe kiganja, na kila nyumba ya tatu ina mtu anayeandika. Gorazd aliishi mji mkuu, Ljubljana, ghorofa ya nne, na alikuwa ametoa riwaya nne, zote za mwanamume mmoja anayekaa dirishani mvua ikinyesha, akijiuliza yeye ni nani. Kurasa mia tatu anajiuliza. Ukurasa wa mwisho mvua inakatika, na bwana bado hajui. Wahakiki wa mjini wakasema hapo pana kina kirefu. Milojka alizisoma zote nne, miwani puani, kwa kuwa ni mama, na kila akimaliza alijisemea kwamba cheti cha kuzaliwa cha huyo bwana kingemaliza kazi kabla kahawa haijapoa.

Ya tano ndiyo iliyoleta balaa. Humo, yule mtu wa dirishani anagundua kwamba mzee aliyemlea siye baba yake. Baba yake ni mpiga kodiani wa kijiji cha mlimani, aliyezikwa kando ya ukuta wa makaburi. Kitabu kikapata tuzo. Kijiji cha Milojka, ambacho hakikuwahi kugusa hata jalada la zile nne, kikapanga foleni kwenye gari la maktaba linalopanda huko kila baada ya wiki mbili.

Na kijijini pale mpiga kodiani aliyezikwa kando ya ukuta alikuwa mmoja tu: Ciril Mohorič, kapera, mlevi mwema, aliyekufa bila mtoto. Ciril ndiye aliyepiga kodiani kwenye harusi ya Milojka na marehemu mumewe, Vinko. Basi mtu anataka ushahidi gani tena? Lisemwalo lipo. Wakakumbuka Milojka alivyocheza siku ile, alivyocheka, nani alimwona nyuma ya ghala la nyasi. Watu ambao asubuhi hawakumbuki walikoweka funguo walikumbuka densi ya miaka hamsini iliyopita, hatua kwa hatua.

Umbea Milojka angeuvumilia. Alishakula umbea mkubwa kuliko huo kiwandani. Lakini Vinko alikuwa na dada, Pavla, na hati ya kaburi la ukoo ilikuwa na jina la Pavla. Kwenye jiwe la kaburi hilo, chini ya jina la Vinko na picha yake, jina la Milojka lilikuwa limekwisha chongwa, na mwaka wake wa kuzaliwa, ukabaki mwaka wa kufa tu. Kila Jumapili alikwenda kulipangusa jina lake mwenyewe, na lilimpa raha, kama mtu aliyekwisha tandikiwa kitanda.

Mwezi wa kumi Pavla akaja. Hakuja na keki yake ya kokwa kama siku zote, ndipo Milojka akajua kuna jambo.

"Wifi," Pavla alisema, hata kiti hakuvuta, "lile ni kaburi la kina Bevk. Kama una mtu wako kule ukutani, mfuate hukohuko. Jina nitalifutisha."

Milojka akampigia mwanawe simu. Gorazd akamweleza, kwa upole wa mwalimu wa chekechea, kwamba ile ni kazi ya kubuni, mhusika si yeye, baba si baba, na kitabu kikishatoka ni mali ya msomaji, asome atakavyo. Milojka akamuuliza kama na kaburi nalo ni mali ya msomaji. Gorazd akasema hilo ni swali zuri sana, akamwomba asubiri kidogo aliandike. Nyie, kuna watoto wanastahili kofi kwa simu.

"Njoo Siku ya Watakatifu Wote," mama mtu akamwambia. "Simama kwenye kaburi la baba yako watu wakuone. Sikuombi kingine."

Akaja. Tarehe mosi Novemba, mchana, kijiji chote kilikuwa makaburini, na maua meupe na mishumaa ya glasi nyekundu, kila mtu amesimama kwa wafu wake akimngoja padri apite na maji ya baraka. Siku hiyo midomo inasali, macho yana kazi nyingine: nani kaja, kasimama wapi, kawasha wapi kwanza. Kijijini pale mshumaa wa kwanza ni wa damu yako. Wa pili ndio wa jirani. Hata mtu aliyehamia juzi anajua. Gorazd, mtu wa tuzo, akavuta kofia yake ya sufu hadi shingoni, akapokea mshumaa mkononi mwa mama yake, akalipita kaburi la Vinko, akaenda moja kwa moja ukutani. Akamwashia Ciril. Akainamisha kichwa, akakaa hapo muda mrefu, pozi la mwandishi kwenye jalada la nyuma.

Pavla alimtazama wifi yake, akatikisa kichwa mara moja tu. Milojka alishikwa na aibu, kisha aibu ikageuka hasira, tena na riba. Akakatiza katikati ya makaburi, akamshika mwanawe kiwiko.

"Umefanya nini?"

"Hakuwa na mtu wa kumwashia, mama. Halafu nilitaka kuhisi anachohisi mhusika wangu."

"Umehisi nini?"

Gorazd akafikiri. "Baridi."

Milojka akamburuta, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, hadi kwa Vinko, akamsimamisha ubavuni mwa jiwe, pale penye picha, akamvua kofia. Masikio yakatoka. Makubwa, yamechomoza kama mishikio ya sufuria, la kushoto limekunjika ncha. Na kwenye picha Vinko naye, la kushoto limekunjika ncha. Nyuma mtu akacheka puani. Mwingine akajifanya anakohoa. Swali la riwaya tano lilikuwa limejibiwa, wala mvua haikunyesha. Pavla mwenyewe aliinua mkono, akaligusa sikio lake la kushoto chini ya kitambaa.

Gorazd hakuwaona. Alikuwa ameinama, anaitazama picha.

"Sikujua tunafanana hivi," alisema.

"Picha iko hapo mwaka wa saba huu," Milojka akamwambia. "Ungekuwa unakuja, ungejua."

Kaburi lilikuwa lake tena, na bado alilia, akimwonea uchungu Vinko, aliyetafutwa kurasa zote zile na mtu asiyepanda mlima kumwona. Padri alibakiza makaburi matatu kuwafikia. Milojka akatoa mshumaa mwingine na kiberiti, akampa mwanawe. Upepo ukazima njiti ya kwanza, ukazima na ya pili. Ya tatu Pavla akainama, akaikinga kwa viganja vyake viwili, akamwambia mpwa wake afanye upesi.