Mkosi wa Eleuterio Batista

Eleuterio Batista alikuwa fundi viatu hapa mjini Aguadulce, na kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kununua namba ya bahati nasibu ikatoka. Najua, kwa sababu mimi ndiye niliyemuuzia. Meza yangu ya tiketi ilitazamana na kibanda chake. Kila Jumatano na Jumapili alivuka barabara, akachukua tiketi moja ya tarakimu mbili, akarudi kwenye gundi yake. Mchana redio ilisoma zilizoshinda. Yake haikuwamo.

Mwanzoni alichekwa tu. Kisha wanawake wa sokoni wakagundua kuwa mkosi wa namna ile ni mali. Aliyeanza ni Eneida, muuza mihogo.

"Eleuterio, baba, leo umechukua ngapi?"

"Sitini na mbili."

"Ahsante, Mungu akuweke." Akaja kwangu mbio. "Nipe yoyote, shoga, ila sitini na mbili usinionyeshe hata kwa mbali!"

Kwao mkosi ulikuwa kama harufu ya samaki, haukumtoka mtu hata akioga. Nicanora, mkewe mwenyewe, alificha tiketi zake ndani ya sufuria asije akazigusa.

Wanaume walimtazama kwa jicho jingine. Silverio, dereva wa lori la chumvi, alipiga hesabu mgongoni mwa pakiti ya sigara. "Amekosa miaka kumi na tisa. Zamu yake iko mlangoni, inabisha hodi. Mwenye akili ananunua anayonunua yeye."

Basi saa nne ya Jumapili kibanda kilijaa, wanawake upande huu, wanaume upande ule, wote wakisubiri ataje namba. Walimletea kahawa na mikate ya kukaanga. Siku hizo alichana nywele. Nilimuuliza anaamini upande gani.

"Mimi huchukua iliyo juu ya rundo, Dionisia," akanong'ona. "Usiwaambie tu. Wamezoea kuja."

Jumapili moja ya Septemba ikatoka sufuri nane, zawadi ya tatu. Ilikuwa namba yake. Akapata balboa mbili, pesa ya mihogo ya siku chache.

Eneida ndiye aliyefika kwanza, kisu cha mihogo bado mkononi. "Umetuharibia! Miaka yote nakukimbia, kumbe hata mkosi wako hauaminiki!"

Silverio alikuwa ameshinda balboa mbili vilevile, lakini alikuja uso umemvimba. "Bahati ya miaka kumi na tisa, mzee! Ilitosha zawadi ya kwanza, na nyumba juu yake. Wewe umeimwaga yote kwenye zawadi ya tatu! Ungengoja wiki mbili tu, ungekufa?"

"Nisameheni," akasema Eleuterio, akiwageukia hawa na wale, kofia mkononi.

Nicanora akataka mumewe apimwe. Akarusha sarafu mara ishirini mbele ya soko zima, mumewe akikisia upande. Akapata kumi, akakosa kumi.

"Rusha tena," akaomba Silverio.

Akapata kumi na moja, akakosa tisa.

"Basi ni kama mtu yeyote," akasema Nicanora, akaangua kilio. Eneida akamshika bega kama msibani, na wanaume wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga.

Kahawa ikakoma, mikate nayo ikakoma. Wiki ya kwanza Eleuterio alisema afadhali, sasa atashona viatu kwa amani. Jumapili iliyofuata nikamwona amechana nywele, amekaa mlangoni peke yake, anatazama njia. Ilipokaribia saa sita akavuka.

"Nimechukua arobaini na tano," akaniambia, tiketi mkononi, kana kwamba si mimi niliyempa.

"Nimesikia, Eleuterio."

Haikutoka. Moyo ulinidunda kwa furaha, nikakimbia mwenyewe hadi sokoni kumpa Eneida habari: amekosa, amerudi kuwa yuleyule!

"Na mimi nimekosa," akasema Eneida, akampimia mteja mihogo yake.