Povu la Bijou

Wiki jana nilipita mtaa wa Koekelberg, huku kwa Wabelgiji, mbele ya nyumba yetu ya zamani. Mlango umepakwa rangi mpya. Nikachungulia kwenye kioo: ngazi ni zile zile, nyembamba, zenye kupinda. Na mimi unanijua, mtu wa kucheka, nikasimama pale nikilia mbele za watu.

Miaka ile ya tisini tuliishi ghorofa ya pili, papa, mama, mimi, na koko, mama mzaa mama, aliyetufuata kutoka Bukavu. Chini kabisa aliishi madame mmoja mzee, Mbelgiji. Alipohamia nyumba ya wazee ambako mbwa hawapokelewi, alinitia mkononi kamba ya mbwa wake, Bijou. Nilikuwa na miaka tisa. Nilifurahi mpaka nikasahau kumuaga.

Bijou alikuwa mdogo, mweupe, sikio moja la kahawia. Kichwani nilishampangia kazi ya sarakasi, mimi nikiwa na kofia ndefu. Koko akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, kwenye kinu chake, jirani wa ghorofa ya kwanza akigonga dari yake kwa ufagio, Bijou alilala juu ya miguu ya koko na hakushtuka. Nyumba ilinuka mawese na manyoya yaliyonyeshewa.

Halafu Jumapili moja, akina mama wa maombi wamejaa sebuleni, chai ndiyo kwanza imeiva, Bijou akakakamaa. Akaanguka ubavu, miguu ikikimbia hewani, povu mdomoni.

"Iko na pepo!" mmoja akapiga kelele.

"Maman, pepo gani ile inangojaka chai iive?" papa akamjibu, watu wakacheka.

Koko hakucheka. Alinivuta mkono mpaka ukaniuma. "Hapana kugusa! Ile povu ikikupata, na weye utakuwa unaangukaka. Umesikia?"

Nilisikia. Daktari wa mbwa alimpima damu, akammulika macho, akasema, "Bon, sioni kitu." Basi tukaishi hivyo. Akianguka, sote tunasimama ukutani kama watu wanaongojea mvua ipite. Akiamka, anayumba kama mlevi, anatafuta miguu yangu. Yangu kwanza, kila mara. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo.

Mwezi wa kumi na moja, tumetoka kutembea, tukafika juu ya ngazi. Kamba nilishaifungua. Akakakamaa pale ukingoni. Ningeweza kumshika, ndugu yangu, alikuwa karibu kama kikombe chako hicho. Mkono ulitoka. Nikaona povu. Mkono ukarudi.

Nilisikia kila ngazi aliyoigonga.

Koko alishuka kwa makalio, magoti yake yalikuwa mabovu. Akakaa chini kabisa, akafungua kitenge chake, akamfunika Bijou, akampangusa mdomo kwa kiganja. Kiganja kitupu.

"Koko, povu!"

"Nyamaza, mutoto wangu. Si weye. Ni miye nilikufundisha kuogopa."

Ndipo kwa mara ya kwanza akamtaja mdogo wake wa kiume. "Aliangukaka vile vile. Siku moja akaangukia mu moto. Tulikuwa watu munane mu nyumba. Hakuna mwenye alimushika. Miye nilikuwa karibu kabisa."

Papa alipotoka kazini Bijou alikuwa amekufa, mwili umekwisha kupoa, na koko bado amekaa naye pale pale.

Koko amezikwa huku huku, mbali na mdogo wake. Kinu sijui kilienda wapi. Kwenye ghorofa ile siku hizi hatwangi mtu. Mimi natunza wazee, kule Ganshoren, na yuko baba mmoja anayeanguka kama Bijou. Napiga magoti, nashika kichwa chake, nampangusa. Wenzangu wananisifu kwamba siogopi. Hawajui kwamba kila mara, kabla sijamgusa, mkono hutaka kurudi.