Picha Isiyo na Mtu

Juzi nilikuwa studio moja ya picha pale Mirongo, mwanangu mgongoni, nikisubiri picha zake ndogo za chekechea. Mbele yangu dada mmoja mpiga picha alikuwa akimwomba mwenye studio amtundikie dirishani picha kubwa ya ufukwe wa ziwa. Miaka miwili amezunguka fukwe zetu na kamera, na hakuna duka lililowahi kukubali kazi yake.

"Mawe na maji tu," mwenye studio akasema. "Mtu yuko wapi? Watu wanapenda kujiona."

Dada akaanza kuikunja. Mama mmoja mwenye beseni la dagaa akamshika mkono.

"Shikamoo mama," dada akasema.

"Marahaba mwanangu. Hebu ifungue." Akaweka kidole juu ya jiwe moja pana. "Hapa nimeanika dagaa mpaka wanangu wanne wakamaliza shule. Mwaka huu maji yamelifunika. Na wewe baba unasema hakuna mtu?"

Mwenye studio akaitazama tena, safari hii kwa muda mrefu. Kisha akapanda kwenye stuli na kushusha picha ya bibi harusi iliyokaa dirishani miaka mitatu.

Bibi harusi yule ni mimi, na ndimi niliyeanza kupiga makofi.